Mhandisi na kinu cha alizeti

Mungaa, wilayani Ikungi, ni nchi ya alizeti. Kinu cha kukamulia mafuta kikisaga na mchanga ulioachwa ndani ya mbegu, parafujo lake hulika mapema, mafuta mengi hubaki kwenye mashudu, na mwenye mashine humtafuta fundi wa kuchomelea. Mhandisi mwenye shahada? Huyo yuko mjini.

Suala la kumkutanisha mhandisi na mashine si geni kwa vyuo vyetu. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973, mafunzo kwa vitendo viwandani yaliwekwa ndani ya masomo yenyewe. Wakati huo viwanda vya umma viliweza kupokea wanafunzi. Vingi vilipokufa au kubinafsishwa miaka ya 1990, nafasi zikawa za kugombania.

Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa miaka 3 wa kuwanoa wahitimu chini ya wahandisi wazoefu. Ni hatua nzuri, ila huja baada ya shahada, kama kumfundisha mtu kuogelea akishatoka majini. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unagusa mitaala yenyewe pamoja na majengo na maabara.

Majengo yataonekana upesi. Kazi ngumu ni kumpeleka mwanafunzi wa mwaka wa 2 kwenye kinu kama cha Mungaa, apime parafujo lililolika, kisha apewe alama kwa dawa aliyoipata.