Shukrani Huanzia Machoni

Pwani ya Kilwa tukiamka tunauliza kwanza maji yakoje. Mwezi ukiandama, au ukipevuka, siku moja mbili baadaye huwa bamvua: maji hujaa mpaka kwenye mikoko, kisha hukupwa mbali, miamba ikabaki wazi. Kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Siku hizo maji humaliza kupwa mnamo saa nne asubuhi, na kila kukicha hukawia kama dakika 50, hadi yawe maji mafu, mwamba usionekane tena. Anayetaka pweza ana saa chache tu za kuwa mwambani.

Mimi nauza pweza Kilwa Masoko, na bamvua likifika naingia mwenyewe pamoja na shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenifunza kazi. Naandika haya kwa sababu wengi siku hizi hulalamika kwamba nyoyo zao hazitulii, na jibu wanalopewa ni moja: shukuru. Washukuru nini? Kitu ambacho mtu hakukiona hawezi kukishukuru.

Pweza ana rangi ya mwamba, na akitaka huibadili. Ukipita huku unawaza deni na ada ya shule, utamruka bila kujua. Kinachomfichua ni mlango wake: magamba ya kaa, makombe ya chaza, vijiwe alivyovikusanya mwenyewe. Shangazi huinama, akaokota gamba moja, akaligeuza kutazama upande wa ndani. Likiwa limeota utando wa kijani, nyumba hiyo imehamwa. Likiwa safi, mwenyewe yumo. “Mwanangu, tazama hapo ulipo,” huniambia kila anapoona macho yangu yamekwenda mwamba wa mbele. Pweza akishatoka shimoni, shangazi husema “Alhamdulillahi” palepale, kabla hajampima kwa mkono, kabla hajauliza bei ya leo. Mimi hilo ndilo lililonituliza moyo miaka yote: kumshukuru Mungu kwa kilichopo mkononi, kabla hakijageuka kuwa hesabu.

Mawazo kwenda mbali hivyo wataalamu nao wameyachunguza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu 2,250 kwa simu, nyakati mbalimbali za siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, mawazo yalikuwa mbali na kazi iliyopo, na hapo furaha ilipungua. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha zaidi kuliko walioshughulika na lililokuwa mbele yao.

Ng'ambo yetu, Kilwa Kisiwani, kuna habari ya kale inayonigusa zaidi. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa hiyohiyo, na sultani akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Angeweza kumwambia aje kesho ikulu. Husuni Kubwa, jumba kubwa linalohusishwa naye, halikukaliwa muda mrefu na leo ni magofu. Nguo zile zingali zinasimuliwa.

Lakini habari haiishii hapo, na sipendi ikatwe. Mwana wa sultani alizichukua zile nguo, fakiri akapewa watumwa badala yake, kisha sultani akaongeza wengine, na pembe za ndovu. Majina ya watumwa wale hatukuachiwa. Kwa hiyo mtu akimwambia mnyonge “shukuru” ili anyamaze, mimi sikubali. Mwanamke anayepunjwa kwenye mizani na aidai haki yake. Shukrani kwa pweza aliyempata haimfungi mdomo.

Wala kuishi katika leo si kuitupa kesho. Kwenye visiwa vyetu, Songosongo mojawapo, watu wamekubaliana kufunga miamba kwa miezi, pweza wakue. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo subira hiyo hulipa. Uamuzi ukishapita, hakuna haja ya kuuwaza usiku kucha. Miamba ikiwa imefungwa zipo kazi nyingine, kikiwamo kilimo cha mwani.

Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga. Magari yakakwama pande zote mbili, nami nikiwa nyumbani na pweza, barafu inayeyuka. Niliogopa, na nilikuwa na sababu. Shangazi akauliza jambo moja tu: nani anawasha moto? Tukawasha. Wakubwa tukawachemsha, wadogo tukawatia chumvi ili jua likitoka tuwaanike, na sahani nne zikaenda kwa majirani ambao mvua ilikuwa imewazuia kutoka. Tulipomaliza ndipo tukakaa kuzungumza habari za barabara, na nani ana namba ya dereva aliyekwama upande wa pili.