Nyanya za machimboni: 'Rasta' hula mtaji kabla ya mavuno

WAFANYABIASHARA wanaowapa wakulima fedha za nyanya zikiwa bado shambani, ili wauze matenga Kahama, Kakola, Nyarugusu na Geita mjini, hawana budi kukagua kitalu kwanza, bei baadaye.

Tangu mgodi wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, eneo hilo lina walaji wengi wasiolima. Bei ya kiangazi ndiyo huwavuta wanunuzi, na kiangazi ndicho kipindi kibaya cha ugonjwa ambao wakulima huuita rasta.

Rasta ni virusi vinavyoenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani. Majani hujikunja kwenda juu, kingo huwa njano, mche hudumaa na maua hupukutika. Mche ulioambukizwa kitaluni hauzai cha kupeleka sokoni. Ulioambukizwa ukiwa tayari na matunda bado huvunwa.

Shinyanga na Geita ni nchi ya pamba, na inzi weupe huzaliana humo pia. Pamba ikikauka, huhamia kwenye bustani za umwagiliaji mabondeni, ambako ndiko kuna majani mabichi.

Wengi hukimbilia dawa mche ukishajikunja. Hizo ni fedha za bure, kwa kuwa hakuna dawa inayoponya virusi. Dawa huua inzi tu, na ikirudiwa aina moja kila wiki huizoea.

Kinga hasa ni kitalu kilichofunikwa kwa wavu wa matundu madogo sana. Chandarua cha mbu hakifai. Inzi weupe hupenya. Miche yenye dalili ing'olewe mapema, na shamba la zamani lifyekwe na kuchomwa kabla ya kupanda jipya.

Tanya na Tengeru 97, mbegu zilizotolewa mwaka 1997, hupendwa na wachuuzi kwa ngozi ngumu inayostahimili safari. Ngozi ngumu si kinga ya rasta. Zipo mbegu chotara zinazouvumilia ugonjwa huu, ingawa ni ghali. Sifa hiyo iulizwe dukani kabla ya kulipa.

Mnunuzi afikapo shambani autikise mche. Wakiruka inzi weupe kama vumbi, na jirani ameacha nyanya kuukuu bila kuzing'oa, arudi na fedha zake mfukoni.