Mtahini mkali angani: niliyojifunza kiwanja cha Migori

Saa nane na dakika ishirini mchana, kiwanja cha ndege cha Lichota, Migori. Nimeshika nguzo ya bawa la Cessna 172, natazama kaskazini. Kule Homa Bay mbingu imefunga, nyeusi kama chungu. Kando yangu yuko mtahini ambaye sisi wanafunzi tulikuwa tukimwogopa kuliko injini kuzimika. Akatazama saa yake.

"Homa Bay ni robo saa tu kutoka hapa," akasema. "Rubani wa kweli angekuwa ameshafika."

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu hivi karibuni vijana wawili wa kwetu, mmoja wa Kisauni na mwengine wa Malindi, wameniuliza swali moja: wafanye nini wakipangiwa mtahini mkali? Wazee wao wameshauza cha kuuza, na kila saa ya kuruka inalipiwa. Nimeona niwajibu hapa ili faida iwe ya wengi.

Kwanza tuelewane safari ile ilikuwa ya nini. Anayetaka leseni ya rubani wa biashara, kwa viwango vya kimataifa ambavyo Kenya nayo inavifuata, awe na saa 200 za kuruka, au 150 akiwa amesomea kozi maalumu iliyoidhinishwa. Ndani ya saa hizo lazima kuwe na safari moja ya kilomita 540 au zaidi, yeye mwenyewe akiwa rubani mkuu, na atue mpaka kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Ukitoka Wilson, Nairobi, ukaenda Migori, ukapanda hadi kiwanja cha Kabunde, Homa Bay, kisha ukarudi Wilson, unapata kama kilomita 590. Hiyo ndiyo njia niliyoichagua. Kabla ya kuniachia niiruke peke yangu, shule ilimtuma mtahini wake anipime kwanza. Mtihani wa leseni ungekuja baadaye.

Upande ule una tabia yake. Ziwa Victoria hutoa unyevu, jua hupasha ardhi tangu asubuhi, na ikifika alasiri mawingu ya radi husimama juu ya Kisii, Migori na Homa Bay. Rubani asiye na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo haruhusiwi kuingia ndani ya wingu, kwa sababu anaongozwa na macho yake. Na karibu na Homa Bay kuna Mlima Homa, ambao ukifunikwa na wingu hauonekani, lakini upo palepale.

Haya yote niliyajua. Lakini nilijua pia kwamba pesa za safari ile zilitoka kwa kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat, na kwamba kalamu ya kuniangusha iko mfukoni mwa yule bwana.

"Kapteni," nikasema, na sauti ikanitetemeka, "sitairusha ndege hii kwenda Homa Bay sasa hivi. Tungoje."

Hakunijibu. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaenda kukaa kivulini. Tukangoja mpaka saa kumi kasorobo. Kaskazini hakukufunguka. Mashariki, upande wa Maasai Mara, kulikuwa kweupe, nikaamua kurudi Wilson moja kwa moja. Njiani hakunena zaidi ya maneno kumi.

Fomu yake ilisema hivi: maamuzi, ametimiza kiwango, safari, haikukamilika. Kwa hiyo sikuanguka, lakini ilibidi nirudie njia nzima na kulipa upya. Kaka alituma tena. Mpaka leo sijui kama mtahini alikuwa akinijaribu au alitaka kweli twende.

Msomaji atauliza, kwani kuna ugumu gani kumwambia mtu "hapana" wakati mbingu unaiona? Ugumu upo, na umeua watu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia ndani ya ukungu. Walikufa watu 583. Nahodha wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkufunzi mkubwa wa shirika lake, mtu aliyepima marubani wengine. Rubani msaidizi aliyekaa naye siku hiyo alikuwa amepimwa na yeye mwenyewe kwa ndege ya aina hiyo muda mfupi kabla. Nahodha alipoanza kuongeza mwendo, mhandisi wa ndege aliuliza kama Pan Am imeshaondoka njiani. Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba ndiyo. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Tangu miaka ya 1980 mashirika ya ndege yamekuwa yakiwafundisha marubani wadogo kusema, na wakubwa kusikiliza. Kwa hiyo ukipata mtahini anayekubana, fahamu kwamba unafanya mtihani wa jambo ambalo utakutana nalo kazini: abiria mwenye haraka, tajiri mwenye ndege, mkubwa asiyependa kupingwa. Waswahili wa jahazi walishasema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Siku ya mtihani nahodha ni wewe. Mtahini ni mpimaji.

Sasa tuje kwenye vitendo.

Jua kiwango kabla ya kumjua mtahini. Wanafunzi hupoteza usiku mzima wakiulizana tabia za fulani, anapenda nini, anachukia nini. Mtihani wenyewe hauna siri: ukaguzi wa ndege kabla ya kuruka, kugeuza ndege kwa mwinamo mkali, kuokoa ndege iliyopoteza nguvu ya kunyanyuka, kutua kwa dharura injini ikidhaniwa imekufa, kusoma ramani na kubadili njia ghafla. Kila zoezi lina mipaka yake ya urefu, mwendo na mwelekeo iliyoandikwa. Ukiijua, ukali wa mtu haukuyumbishi, maana unajua mwenyewe uko ndani ya mipaka au nje.

Panga makaratasi yako tangu jana yake. Daftari la saa za kuruka, cheti cha daktari, karatasi za ndege, hesabu ya uzito na mafuta. Mtahini akikukuta na pengo hapo, ana haki ya kukurudisha nyumbani kabla hujawasha injini, na hutakuwa na la kulalamika.

Uliza maswali matatu mkiwa bado chini. Nani rubani mkuu wa safari hii? Ukitaka nijifanye injini imekufa, utaniambia kwa neno gani? Ikitokea hitilafu ya kweli, nani anashika usukani? Maswali haya si utovu wa adabu. Mtahini mwema huyafurahia, na mkali hulazimika kuyajibu.

Usiposikia au usipojua, sema. Mtihani ni kwa Kiingereza, na kiwango cha kimataifa kinachotakiwa kwa lugha ya redio ni daraja la 4 kati ya 6. Vijana wetu wengi Kiingereza wanacho, lakini mtu akifoka kinapotea. Omba arudie. Akikuuliza usichokijua, sema hujui na umwoneshe kitabu ambacho ungetazama. Kubahatisha ndiko kunakomfanya achimbe zaidi.

Ukikosea, taja kosa lako na ulirekebishe papo hapo: "Nimeshuka futi mia, napanda." Usimtazame usoni kutafuta matokeo. Mtahini akinyamaza si lazima iwe umeanguka, na wengi wameanguka kweli kwa sababu walidhani wameshaanguka, wakaacha kuendesha.

Usibishane angani. Jambo pekee la kukataa hapo hapo ni lile la usalama. Mengine yaache mpaka magurudumu yaguse ardhi na injini izimwe.

Bado lipo la mtahini ambaye si mkali tu, bali amekosea au amedhulumu. Hapa tutofautishe. Maneno makavu yanaumiza, lakini hayageuzi matokeo. Kuangushwa kwa jambo lisilo kwenye kiwango ni kitu kingine. Omba uambiwe ni sehemu zipi hukutimiza, na uombe kwa maandishi, kwa heshima na bila kuchelewa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu haki ya kupewa sababu za maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapogusa haki yake, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 ikafafanua namna ya kuidai. Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013 nayo iliweka baraza la kusikiliza rufaa za mambo ya anga. Unaweza pia kuandika kuomba mtahini mwengine kwa mara ya pili. Barua fupi yenye tarehe na namba ya zoezi ina nguvu kuliko malalamiko ya barazani.

Na akitokea wa kutaka "chai"? Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Lakini hata sheria tukiiweka kando, leseni ya kununua haitakusaidia siku utakapokuwa na abiria na mbele yako wingu.

Wiki tatu baada ya siku ile nilirudi Migori na mtahini yule yule. Safari hii tuliondoka Wilson alfajiri, na saa tatu asubuhi tulikuwa tumeshatua Lichota, tukapita Kabunde na kuanza kurudi. Kuondoka mapema kabla mawingu hayajapanda: hilo ndilo ningelipanga tangu mara ya kwanza. Alipotia sahihi nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu, "Hukuuliza." Ndiyo maana nawaambia nyinyi mnaokwenda: ulizeni mkiwa chini.