Kadi ya sauti ya bei ndogo: tuliijaribu kabla ya kugusa pesa ya minervali

Juma lililopita mmoja wetu alikuja kwenye mkutano wa AVEC na swali ambalo hatukulitazamia. Kijana wake aliomba dola 35 anunue kadi ya sauti kwa kompyuta ya nyumbani. Tundu la visikizio lilikuwa limeharibika na bafle zilikuwa zinakoroma. Kijana alisema bila kadi nzuri hawezi kucheza michezo wala kurekodi nyimbo za dada yake. Lakini dola hizo zilikuwa zimewekwa kwa minervali ya dada huyo huyo.

Hatukumcheka kijana. Asipocheza nyumbani, anaenda kulipia mchezo kwa jirani na kurudi giza limeingia, na sisi wote tunajua hofu ya kumngoja mtoto usiku. Na binti anaimba kweli. Tangu Festival Amani ianze mwaka 2014, vijana wengi wa Goma wanaota kupanda jukwaa lile siku moja. Basi tukasema: tujaribu kwanza.

Kadi hiyo inafanya nini?

Kompyuta inajua namba tu. Kadi ya sauti inageuza namba ziwe sauti, na sauti ya mikro iwe namba. Kila kompyuta ina yake ndani. Ya ndani ikiharibika, unaweza kuchomeka ya nje kwenye tundu la USB, kama unavyochomeka flashi. Kijana alitaka Sound Blaster, jina linalojulikana tangu mwaka 1989, wakati kompyuta nyingi zilikuwa zinajua kulia "pii" tu. Sisi tulichukua huko Birere kadi ndogo kama kidole, kwa dola 6, tukipatana na muuzaji kwamba isipofaa tutairudisha.

Tuliyoyaona

Muziki: mkoromo uliisha. Ulikuwa unatoka kwenye umeme wa ndani ya mashini, na kadi ya nje inakaa mbali nao. Usitishwe na namba kubwa za kwenye paketi. Diski za CD zenyewe zinatumia vipimo 44,100 kwa sekunde na biti 16. Kadi inayofika hapo inatosha kwa nyumba.

Kurekodi: binti aliimba, tukamsikia vizuri. Ila alisikia sauti yake ikichelewa kidogo kurudi masikioni, akapoteza mdundo. Alipovua upande mmoja wa visikizio akaendelea sawa. Kinanda cha korali kilipounganishwa kwa waya, sauti ilipasuka, maana tundu la mikro limetengenezwa kwa sauti ndogo. Tulishusha sauti ya kinanda, ikawa safi.

Michezo: hapa kijana alinyamaza. Alisikia hatua za adui vizuri, lakini mchezo ulibaki mzito na kukwamakwama vilevile. Kadi ya sauti haiongezi mbio za kompyuta. Hiyo ni kazi ya prosesa, memori na kadi ya picha. Hata ile ya dola 35 isingemsaidia. Na ile "7.1" iliyoandikwa kwenye paketi ina maana ya bafle nane. Kadi yetu ina tundu moja la visikizio, nasi tuna masikio mawili. Zilizobaki ni ujanja wa programu.

Ukienda kununua

Nenda na kompyuta yako na visikizio vyako. Kadi ichomekwe mbele yako, usikie wimbo mmoja mzima, kisha urekodi maneno machache. Angalia matundu: la kijani ni la visikizio, la pinki ni la mikro. Visikizio vya simu vyenye mikro vina waya mmoja, na kwenye kadi ya matundu mawili mara nyingi mikro yake haifanyi kazi. Ukisikia mkoromo, chomoa chaja kwanza. Ukiisha, shida ni chaja wala si kadi.

Tusisahau masikio ya watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya visikizio isipite asilimia 60, na mtoto apumzishe masikio mara kwa mara.

Mwisho wake

Mama alibaki na kadi ya dola 6. Dola 29 zilirudi kwenye bahasha ya minervali, na zile 6 kijana ameahidi kuzirudisha kidogo kidogo kwa kurekodi korali ya mtaa. Jumapili tulisikiliza wimbo wa kwanza wa binti kwenye simu. Mwishoni jogoo wa jirani anawika, na binti amekataa kumfuta.

Mwenye swali la namna hii nyumbani kwake alilete mkutanoni kabla hajafungua mfuko.