Kriketi: Je, Kila Kilicho Halali ni cha Heshima?

Miongoni mwa wasomaji wetu wa jeshini na polisi, wapenzi wa kandanda na ngumi ni wengi kuliko wapenzi wa kriketi. Hata hivyo leo twaomba kuuzungumzia mchezo huo, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo kila avaaye sare hukutana nalo: mtu akiwa na haki ya kutenda jambo kwa mujibu wa sheria, je, yampasa kulitenda?

Kwanza tueleze. Katika kriketi wapigaji wawili husimama kila mmoja kwenye upande wake. Nyuma ya kila mmoja pana vijiti vitatu viitwavyo wiketi, na mbele ya vijiti hivyo umechorwa mstari. Mpigaji akiwa ndani ya mstari yu salama. Akiwa nje yake wakati mpira ungali mchezoni, na wapinzani wakaiangusha wiketi kwa mpira huo, ametoka. Lakini mwamuzi hamtoi mpaka wapinzani wadai. Na hata wakiisha kudai, sheria yampa nahodha wao ruhusa ya kuliondoa dai, mradi mwamuzi akubali.

Tarehe 31 Julai 2011, mjini Nottingham, Uingereza ilikuwa ikicheza na India. Ian Bell wa Uingereza alikwisha kupata mbio 137. Mpira wa mwisho kabla ya mapumziko ya chai ulipigwa na mwenzake, Eoin Morgan, ukaenda hadi karibu na mpaka wa uwanja. Bell alidhani umevuka, akaacha mstari wake na kuanza kuelekea kwenye chai. Kumbe mpira haukuvuka. Wahindi waliurudisha, wakaangusha wiketi, wakadai, na Bell akatolewa. Kisheria hapakuwa na kosa lolote.

Wakati wa chai nahodha wa Uingereza, Andrew Strauss, na mwalimu wake, Andy Flower, walimwendea nahodha wa India, Mahendra Singh Dhoni, wakamwomba alifikirie upya dai lake. Dhoni alishauriana na wenzake, akaliondoa. Watazamaji waliwazomea Wahindi walipotoka tena uwanjani. Lakini walipomwona Bell naye anarudi, zomeazomea iligeuka makofi. Bell alitoka hatimaye kwa mbio 159, na India ilishindwa mechi hiyo. Mwaka 2020 Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimpa Dhoni tuzo kwa kitendo hicho. Ndiyo kusema alipoteza mechi, akabaki na jina.

Si manahodha wote waliofanya hivyo. Mwaka 2008, huko London, Grant Elliott wa New Zealand aligongana na mrushaji wa Uingereza alipokuwa akikimbia, akaanguka chini. Waingereza wakaangusha wiketi. Mwamuzi alimwuliza nahodha Paul Collingwood kama alishikilia dai lake, naye akashikilia. New Zealand ilishinda hata hivyo kwa mpira wa mwisho, na Collingwood akaomba radhi.

Mzozo mkubwa zaidi ulitokea katika uwanja wa Lord's, London, tarehe 2 Julai 2023. Jonny Bairstow wa Uingereza aliinama kuukwepa mpira, kisha akatoka nje ya mstari akidhani mpira umekwisha kufa. Mlinda wiketi wa Australia, Alex Carey, aliurusha papo hapo na kuiangusha wiketi. Nahodha Pat Cummins hakuliondoa dai, na Australia ikashinda kwa mbio 43. Hata mawaziri wakuu wa nchi hizo mbili walibishana juu ya jambo hilo. Tena baadhi ya wanachama wa klabu yenye uwanja huo waliwatolea wachezaji wa Australia maneno makali, hata watatu wakasimamishwa uanachama. Hivyo waliopiga kelele kwa jina la heshima ndio walioikosa.

Sisi twaonaje? Twaona kwamba kesi hizi hazifanani. Elliott hakuzembea, aliangushwa na kugongana na mpinzani. Kumtoa mtu aliyeanguka kwa njia hiyo ni kuvuna mahali usipopanda. Bell naye hakutafuta faida yoyote, alikuwa akielekea kwenye chai. Bairstow pia hakuiba kitu, lakini Carey hakumtegea mtego: alirusha mpira mara tu alipoudaka, kabla mchezo haujatulia. Tunaweza kutamani Cummins angesamehe. Hatuwezi kumwita mwizi.

Wako wasemao kwamba kusamehe ni kuivunja sheria. Sivyo. Sheria hiyo hiyo inayomruhusu nahodha kudai ndiyo inayomruhusu kuliondoa dai. Huruma haikutoka nje ya kitabu. Imeandikwa ndani yake. Askari wa polisi anayeweza kumkamata mtu, akaona kwamba onyo latosha, naye hajaivunja kazi yake, maadamu ametumia busara na si upendeleo.

Lakini neno la mwisho twamwambia mpigaji. Huruma ni zawadi ya mwenye nguvu. Aliyekosa hana haki ya kuidai. Bell mwenyewe alikiri baadaye kwamba alifanya jambo la kijinga. Mlinzi haachi lindo kwa kudhani kwamba zamu yake imekwisha. Hungoja mwenzake afike ampokee. Basi nahodha na ajifunze kuuliza kama ushindi wake utamfurahisha kesho, na mpigaji na akae ndani ya mstari wake mpaka mwamuzi aseme.