Wakirudi watalii, wasipite tu

Siku hizi barabara ya kutoka Miti kupanda Tshivanga iko kimya. Pikipiki zinapita, magunia ya makala yanapita, lakini magari ya watalii hatuyaoni. Tangu vita vitufikie, wageni wameacha kuja kutazama gorila wa Kahuzi-Biega, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Katika mkutano wa juma lililopita mama mmoja alituuliza: "Watalii wenyewe hawapo, sasa mnazungumzia nini?" Tulimjibu kwamba walipokuwapo hatukuzungumza. Tulikaa kando ya barabara na kula vumbi lao. Siku watakayorudi, tunataka wale wanaowaleta wawe wamekwisha kusikia maneno yetu.

Maneno haya hatuyapeleki kwa mtalii. Yeye ni mgeni: analipa, anapanda gari, anakwenda pale anapopelekwa. Kampuni ya safari ndiyo inayoamua atakula wapi, atalala wapi, nani atambebea mfuko, atasimama kijiji gani. Basi tunasema na kampuni.

Tuanze na lile linalotugusa sisi walimu. Kuna wakati magari yalikuwa yanakuja mara kwa mara, na kampuni moja ilikuwa na desturi ya kusimama karibu na masomo yetu wakati wa kurudi kutoka msituni. Haikuomba ruhusa kwa direkta wala kwa kamati ya wazazi. Wageni walishuka, wakapiga watoto picha, wakagawa biskuti, bonbo na kalamu. Walifanya hivyo kwa moyo mzuri, tunajua. Lakini baada ya majuma machache watoto walijua saa ya gari kuliko saa ya hesabu. Siku moja darasa la nne lilibaki karibu nusu tupu, na wengine wote walikuwa barabarani wakiimba kuomba bonbo. Mkubwa akamsukuma mdogo, mdogo akaanguka karibu na gurudumu, akachubuka mguu mzima. Tulipomfuata dereva, alicheka: "Walimu, mnakataa zawadi?"

Zawadi tunazitaka sana. Kampuni ingeweza kumuuliza direkta tunapungukiwa na nini, naye angejibu: chaki, madaftari, mabati ya darasa la sita. Mchango wa wageni ungeandikwa katika kitabu cha masomo mbele ya kamati, na mtoto angebaki kwenye kiti chake. Tena mzazi angeulizwa kabla ya picha ya mtoto wake kwenda Ulaya. Yote hayo hayaongezi gharama ya safari hata franka moja.

Sasa pesa. Tufanye hesabu kama tunavyoifanya ubaoni. Kuona gorila, mgeni wa kutoka nje alikuwa analipa karibu dola 400 za kibali. Kundi moja halipiti watu 8. Mara nane, hiyo ni dola 3,200 kwa saa moja ya kutazama. Pesa hizo zina kazi yake: parki inalipa walinzi na wale wanaofuata nyayo za gorila kila asubuhi. Hatuzililii. Lakini tuliangalia kilichobaki katika soko la Miti siku kundi kama hilo lilipopita, na mara nyingi hakikubaki kitu. Wengi wao walifika kwa ndege hadi Kamembe, Rwanda, wakavuka daraja la Ruzizi, wakalala Bukavu, na chakula cha mchana kilikuwa tayari katika makartoni ndani ya gari. Hata maji ya kunywa yalitoka mbali. Tuseme watu hao 8 wangekula Miti, kila mmoja sahani ya dola 5: dola 40. Mama anayeuza avoka na mayai anajua mtaji wa dola 40 unaweza kufanya nini nyumbani mwake kwa miezi.

Wenye makampuni wanatuambia wanaogopa usafi. Wana haki ya kuogopa. Lazima tukubali pia makosa yetu: wako wamama kati yetu waliouza mayai yaliyooza, na wako waliopandisha bei mara tatu kwa sababu ya ngozi ya mnunuzi. Mgeni akiumwa tumbo mara moja tu, kampuni hairudi. Lakini woga huo una dawa. Kampuni ije mwezi mmoja kabla, iseme inahitaji maharagi, viazi, sambaza, lenga-lenga na matunda ya watu wangapi, kwa bei gani, na ituonyeshe namna inavyotaka maji yachemshwe na vyombo vioshwe. Kiisha ilipe siku ile ile, mkononi mwa mama aliyepika. Tunasisitiza juu ya "siku ile ile" sababu wengi wetu tumekwisha kuuza kwa deni kwa watu wenye magari mazuri, na deni halikulipwa hadi leo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume walicheka tulipolitaja. Mnawaona wamama wanaobeba magunia Bukavu, kutoka bandarini hadi Kadutu, kamba kwenye paji la uso, gunia lenye uzito kuliko wao wenyewe. Mtalii anayepanda mlima Kahuzi, mita 3,308, anatafuta mtu wa kumbebea mfuko mdogo wenye maji, koti la mvua na kamera. Kazi hiyo ilikwenda kwa vijana wanaume tu. Kule Bwindi, Uganda, wanawake wanabeba mifuko ya wageni hadi kwa gorila na kurudi, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Kampuni ikisema "katika kila wabebaji wanne tunataka wawili wanawake," mambo yatabadilika katika msimu mmoja.

Mtasema: nyinyi mnafikiri pesa tu, na msitu je? Msitu ndio wenyewe. Parki ilianzishwa mwaka wa 1970, ikapanuliwa mwaka wa 1975, na tangu 1980 iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka wa 1997 iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, sababu ya vita. Katika miaka ile ya 1990 karibu nusu ya gorila wa upande wa milima waliuawa, na karibu ndovu wote wa upande huo walimalizwa. Watu walikuwa na njaa, silaha zilikuwa nyingi, kisha ikaja mbio ya koltani. Wengi wamesikia habari ya Mugaruka, dume mkubwa aliyepoteza mkono kwa sababu ya mtego. Mtego ule hakuwekewa yeye. Mtu alitafuta nyama ya nyumbani. Na anayekata miti ya makala leo mara nyingi ni mume au mtoto wa mmoja wetu, na sisi ndio tunayoyanunua. Mama aliyepata dola 40 za halali ana neno la kumwambia mume wake anapochukua panga usiku.

Kuna mfano karibu nasi. John Kahekwa alikuwa kiongozi wa watalii katika parki hii, akaona kwamba mwenye njaa hawezi kulinda mnyama. Mwaka wa 1992 alianzisha Pole Pole Foundation, na watu waliokuwa wawindaji wa siri wakafundishwa kuchonga sanamu za miti ili wauzie wageni. Kampuni inayopita bila kusimama kwenye kazi za namna hiyo inavunja ilichojengewa, hata kama haikusudii.

Juu ya gorila wenyewe, tunaomba ukali zaidi. Gorila anashika mafua yetu, kikohozi chetu, hata surua. Ndiyo maana kuna kanuni: saa moja tu, kifuniko cha mdomo, na umbali, uliokuwa mita 7 zamani na tangu Corona ukawa mita 10. Ndugu yetu mmoja aliyefanya kazi ya kufyeka njia alitusimulia habari ya mgeni aliyekohoa tangu garini. Mtu wa kampuni alimpa kidonge na kumwambia ajizuie mpaka wapite kwa walinzi, "sababu amekwisha kulipa." Hapo tunaona kosa liko wapi. Mgeni akijua atapoteza dola 400 akisema yeye ni mgonjwa, atanyamaza. Kampuni iandike tangu mwanzo kwamba mgonjwa atarudishiwa pesa yake au atapewa siku nyingine, na ipatane na parki juu ya hilo. Kama siku hiyo hawezi kuona gorila, apelekwe Lwiro kutazama sokwe watoto waliookolewa kwa wawindaji, akiwa mbali na vizimba, na kutembea katika zile nyumba za zamani za watafiti. Kwa kweli wageni wote wangepelekwa huko. Anayelala usiku wa pili anakula mara tatu zaidi.

Tumeacha la Batwa mwisho, na si kwa sababu ni dogo. Msitu huu ulikuwa nyumba yao. Walitolewa humo parki ilipoundwa, maelfu ya watu, bila kupewa ardhi nyingine ya maana. Mwaka wa 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa, ukisema kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Nchi ina sheria ya kuwalinda tangu tarehe 15 Julai 2022. Na bado tumeona makampuni yakiwaita wacheze ngoma mbele ya wageni, kisha pesa inawekwa mkononi mwa mtu mmoja asiye hata Mutwa, na wachezaji wanarudi na chumvi na sabuni. Kampuni ikitaka ngoma, ikae na wazee na wamama wa Batwa wenyewe, ipatane bei mbele ya wote, ilipe mbele ya wote. Wakisema leo hatuchezi, basi leo hakuna ngoma. Nani anajua majani ya msitu ule kuliko wao? Mutwa mwanamke anayemwonyesha mgeni dawa za miti alipwe kama mtaalamu.

Tena kampuni zisiseme uongo juu ya usalama. Mwezi wa 5 mwaka wa 2018, huko Virunga, watalii wawili Waingereza walitekwa pamoja na dereva wao. Mlinzi aliyekuwa pamoja nao, Rachel Masika Baraka, binti wa miaka 25, aliuawa. Parki ile ilifungwa kwa watalii hadi mwezi wa 2 mwaka wa 2019. Tunamkumbuka sababu alikuwa msichana aliyekubali kazi ambayo wengi walisema si ya wanawake. Kampuni inayoficha hatari ili isipoteze mteja inacheza na maisha ya mgeni, na ya binti kama huyo. Ni afadhali iseme: mwaka huu hapana, ngojeni. Sisi tutangoja pia.

Kwa sasa tunaandaa orodha yetu, ili siku kampuni ya kwanza itakapopiga hodi ikute majina. Walioandikwa tayari ni wamama 11 wa mboga na maharagi, 4 wa mayai, na 6 wanaosema wanaweza kubeba mifuko hadi juu ya Kahuzi (mmoja wao ana miaka 52, na hatujathubutu kumbishia). Mafundi wa kushona na wasukaji wa vitunga bado hatujawapata. Orodha iko kwenye masomo, kwa mwalimu wa darasa la nne. Njooni Alhamisi saa nane, watoto wakisha kutoka, mje na jina, na mseme mnaweza kuleta nini na kiasi gani kwa juma. Wenye mayai waje na mayai mawili, tutayaweka ndani ya maji mbele ya wote.