Choo kinapotoka chenyewe: mlango umelegea, au ghala limejaa?

Hebu fikiria uko kwenye daladala jioni, watu wamebanana, na tumbo lako limejaa hewa ya maharage ya mchana. Unaamua kuiachia kidogo kidogo, bila kelele. Inatoka hewa tu, hakuna kingine. Unamshukuru Mungu na kuangalia dirishani kama vile si wewe.

Sasa jiulize: mwili wako ulijuaje kwamba ile ilikuwa hewa? Ndani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kunaweza kuwa na hewa, majimaji na kitu kigumu kwa wakati mmoja, tena gizani, na wewe ukatoa kimoja ukabakisha vingine. Mwambie fundi akutengenezee mashine ya namna hiyo uone atakachokujibu. Nazungumzia jambo hili kwa sababu mashine hii huharibika kwa watu wengi kuliko tunavyodhani, na wengi wao hukaa na shida hiyo miaka na miaka bila kumwambia mtu, hata mume au mke.

Wengi kiasi gani? Huko Marekani, utafiti wa kitaifa wa afya uliwauliza watu wazima wanaoishi majumbani kwao, si wale wa kwenye nyumba za kulelea wazee. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba asilimia 8.3 walikuwa wametokwa na choo bila kutaka angalau mara moja ndani ya mwezi mmoja. Kwa wenye miaka 20 hadi 29 ilikuwa asilimia 2.6, kwa wenye miaka 70 na kuendelea, asilimia 15.3. Na wale wanaodhani haya ni mambo ya wanawake tu: wanawake walikuwa asilimia 8.9, wanaume 7.7. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo.

Milango miwili na mbeleko

Tuanze na jinsi mambo yanavyofanya kazi yakiwa mazima, maana bila hapo huwezi kuelewa kilichoharibika.

Kwenye njia ya haja kubwa kuna misuli miwili ya duara, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani ni wa aina ileile ya misuli ya utumbo. Hujibana wenyewe usiku na mchana, huuamrishi wala hujui kama upo. Ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuziba unapokuwa umelala au umetulia. Wa nje ni wa aina ya misuli ya mkono, unautii utashi wako. Ukibanwa njiani, huo ndio unaoukaza. Ila unachoka upesi, ndani ya dakika moja hivi nguvu zake zinaanza kushuka. Ndiyo maana mtu aliyebanwa hutembea kwa awamu.

Kisha kuna msuli wa tatu, ambao mimi naupenda kuliko yote. Umeshikamana na mfupa wa kinena kwa mbele, unazunguka nyuma ya puru, unarudi tena mbele. Ni kama mbeleko: mtoto ni puru, na kitambaa kimemzunguka mgongoni kikamvuta mbele. Mvuto huo unaikunja njia ikawa na kona, sawa na mpira wa maji uliokunjwa. Ukichuchumaa chooni, kona inanyooka na njia inafunguka. Wazee waliochimba vyoo vya kuchuchumaa hawakuwa na picha za eksirei, lakini mkao ule una maana.

Turudi kwenye lile swali la hewa. Kitu kikiingia kwenye puru na kuitanua, msuli wa ndani hulegea wenyewe kwa sekunde chache. Daktari Mwingereza, William Gowers, aliieleza tabia hii mwaka 1877. Katika sekunde hizo, kiasi kidogo cha kilichomo hushuka na kugusa ngozi laini ya juu ya njia, yenye miisho mingi sana ya neva, na hapo mwili "unaonja": ni hewa, ni maji, au ni kigumu? Wakati huo msuli wa nje umekaza ili kisitoke kitu kabla ya jibu. Hufanyika mara nyingi kwa siku, na wewe unaendelea na shughuli zako.

Basi, kushindwa kuzuia choo si ugonjwa mmoja. Huenda msuli umechanika. Huenda neva zinazouamrisha zimeumia, kwa kisukari cha muda mrefu, kiharusi au jeraha la uti wa mgongo. Huenda puru yenyewe imekakamaa baada ya tiba ya mionzi, haitanuki tena, kwa hiyo kila kinachoingia kinataka kutoka hapohapo. Na huenda kila kitu ni kizima ila choo ni maji matupu. Hakuna mlango uliotengenezwa kuzuia maji siku nzima. Hapa niongeze jambo ambalo wengi hawaambiwi: metformin, dawa ya kisukari inayotumiwa na watu wengi sana, huwaharisha baadhi ya wanaoimeza. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kusaidiwa kwa kubadilishiwa dozi au aina ya kidonge. Asiiache mwenyewe, amwambie daktari.

Mama aliyeambiwa "ni kawaida ya uzazi"

Mwaka 1993 daktari Abdul Sultan na wenzake wa London walichapisha utafiti uliowashtua wakunga na madaktari. Walitumia ultrasaundi kuangalia misuli ya njia ya haja kubwa kwa wanawake kabla na baada ya kujifungua. Kati ya wanawake 79 waliojifungua mtoto wa kwanza kwa njia ya kawaida, 28 walikuwa na msuli uliochanika, yaani asilimia 35. Wengi wao hawakuwa wameambiwa chochote. Walishonwa juu juu, wakapongezwa, wakaenda nyumbani.

Kwa miaka kadhaa majeraha hayo yaliitwa "yaliyojificha". Lakini utafiti wa baadaye, ambao Sultan huyohuyo alishiriki, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba mengi hayakuwa yamejificha hata kidogo. Yalikuwa hayajatafutwa. Mtu aliyefundishwa, akimkagua mama kwa macho na kwa kidole kabla ya kushona, huyaona. Nadhani unaelewa kwa nini jambo hili ni zito: msuli ukishonwa vizuri siku ileile, mambo huwa tofauti sana na ukigunduliwa miaka 10 baadaye. Na mara nyingi dalili hazionekani mapema, kwa sababu misuli iliyobaki inafidia, mpaka umri unaposogea nayo ikachoka.

Dalili ya kwanza huwa ndogo: hewa inatoka bila ruhusa. Au akihisi haja hawezi kusubiri hata dakika mbili. Kama umejifungua na miezi inapita uko hivyo, sema kliniki. Usikubali jibu la "utazoea".

Fistula ni jambo jingine, ingawa watu huchanganya. Hapo tatizo si mlango: uchungu wa muda mrefu umetoboa tundu kati ya uke na puru au kibofu, na choo au mkojo hupita ukeni. Hii haiponi kwa mazoezi, inatibiwa kwa upasuaji. CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa upasuaji huo bila malipo kwa miaka mingi, na ilifikia hatua ya kuwatumia wagonjwa wa mikoani nauli kwa M-Pesa.

Anayeharisha kumbe amefunga choo

Hapa ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu ni hapa watu wa nyumbani wanapokosea zaidi, kwa nia njema kabisa.

Bibi amelala kitandani wiki ya tatu baada ya kuvunjika nyonga. Hatembei, anakunywa maji kidogo ili asisumbue watu, na anameza dawa kali za maumivu. Siku chache haendi choo. Kisha ghafla shuka linachafuka kwa choo cha majimaji, mara nne kwa siku. Familia inasema: bibi anaharisha. Mtu anatumwa duka la dawa, anarudi na kidonge cha kuzuia kuharisha. Hali inazidi kuwa mbaya.

Kilichotokea ni hiki. Choo kigumu kimejaa kwenye puru kama udongo wa mfinyanzi na kimeshindwa kutoka. Puru imetanuka, na unakumbuka puru ikitanuka msuli wa ndani hufanya nini: hulegea. Sasa umelegea muda wote. Majimaji kutoka juu yanapenya pembeni mwa ule mzigo na kutoka nje. Ghala limejaa hadi mlango haufungi. Ukimpa dawa ya kuzuia, unaongeza mzigo juu ya mzigo. Anachohitaji ni kinyume chake: kulainishiwa na kuondolewa kilichokwama, kwa usimamizi wa mhudumu wa afya. Na njia ya kujua, mara nyingi, ni mhudumu huyo kuvaa glavu na kupima kwa kidole.

Kwa watoto ni hivyohivyo, na hapo kuna machozi. Mtoto wa miaka sita au saba, alikwishaacha nepi zamani, anaanza kuchafua nguo. Anaitwa mchafu, mvivu, anachapwa. Mara nyingi hadithi ilianza na choo kigumu kilichomuumiza siku moja, au choo cha shule kinachotisha, akaamua kubana. Akibana, choo kinakauka na kuwa kikubwa zaidi, puru inatanuka, na ikitanuka kwa wiki nyingi inapoteza hisia. Mtoto huyo akikwambia "sikusikia kikitoka", hadanganyi. Tiba ni dawa ya kulainisha choo, tena kwa miezi, si siku tatu, pamoja na kukaa chooni kwa utulivu baada ya kula. Kiboko kinamfanya abane zaidi.

Mambo ya kila siku

Kwa mtu mzima ambaye mlango wake kweli umelegea, silaha ya kwanza ni kukifanya choo kiwe na umbo. Mwaka 1997 watafiti wa Bristol, Uingereza, walitoa chati ya aina saba za choo, kuanzia vipande vigumu kama vya mbuzi (aina ya 1) hadi maji matupu (aina ya 7). Tunalenga ya 3 au ya 4. Nyuzinyuzi husaidia pande zote mbili, kwa sababu hunyonya maji: kuna maganda ya mbegu za ispaghula yanayouzwa kama unga, na wengine huanza na vyakula tu. Ongeza taratibu, la sivyo utapata hewa ya kutosha daladala tatu. Angalia pia kahawa na chai kali, ambazo huamsha utumbo, na maziwa kama tumbo lako haliyapatani. Loperamide ni dawa nzuri kwa wenye choo laini, lakini baada ya kuhakikisha ghala halijajaa, na usizidishe dozi. Kiasi kikubwa huathiri moyo.

Tumia saa ya mwili wako. Ukila, hasa asubuhi, utumbo mpana huanza kusukuma. Nenda chooni kama nusu saa baada ya kifungua kinywa kila siku, hata kama hujabanwa. Ukitoka nyumbani na puru tupu, siku yako inakuwa nyepesi.

Mazoezi: bana kana kwamba unazuia hewa isitoke, bila kukaza makalio wala kushika pumzi. Shikilia sekunde tano, legeza kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaweza kuyafanya kwenye foleni ya benki. Wape miezi mitatu. Ikishindikana, zipo tiba nyingine: kufundishwa kubana huku ukiona nguvu zako kwenye skrini, kushona msuli, kifaa kidogo cha kuchochea neva za kiuno, na mwisho kabisa mfuko wa choo tumboni, ambao kwa baadhi ya watu huwarudisha kazini na harusini.

Ngozi isafishwe kwa maji, ikaushwe kwa kugusagusa na si kusugua, kisha ipakwe vaseline au krimu ya zinki. Dawa za kuua vijidudu zibaki kwenye sakafu. Kwenye mkoba weka chupi ya ziada, chupa ya maji, mfuko wa plastiki, na kanga. Kanga huficha mengi.

Kwa Waislamu walioacha kwenda msikitini kwa hofu hii: kwenye fiqhi ipo hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, ambaye hujisafisha, hujisitiri, hutia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, na kuswali hata kama kinaendelea kutoka. Muulize shehe wako namna ya kuitekeleza.

Kuna hali za kutosubiri. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, au tabia ya choo kubadilika ghafla ukubwani: nenda hospitali wiki hiyo. Ganzi sehemu inayokalia kiti cha baiskeli, ikiambatana na miguu dhaifu au mkojo kugoma: nenda leo, hata usiku.

Ukifika kwa daktari usiseme "tumbo linanisumbua", utapewa dawa ya minyoo. Sema: "Choo kinanitoka bila kutaka." Kisha eleza ni mara ngapi kwa wiki, ni kigumu au maji, unahisi kinakuja au unashtukia kimeshatoka, ulijifungua vipi, na unameza dawa gani. Kama mdomo unakuwa mzito, yaandike kwenye karatasi ukiwa nyumbani na umkabidhi mezani.